Selimundu: Tusimhukumu Mama, Tumpime Mtoto



Katika vijiji vyetu vya Murusagamba, mtoto wa mwaka mmoja au miwili afarikipo, sababu hutajwa kabla ya matanga kwisha. Husemwa ni malaria. Husemwa ni kupungukiwa damu. Husemwa ni kichomi. Na penye ugomvi wa shamba, au wa mahari ambayo haijamalizika, husemwa kwamba mtoto amelogwa, na jina la mlozi huanza kunong'onwa. Yale matatu ya kwanza mara nyingi ni kweli, tena huandikwa na mganga kwenye karatasi. Hata hivyo yako mazishi ambayo nyuma ya malaria ile, au nyuma ya upungufu ule wa damu, palikuwa na ugonjwa mwingine ambao mtoto alizaliwa nao, ambao haukupimwa wala kutajwa, na ambao waweza kumpata pia ndugu yake atakayezaliwa mwakani.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Tunauandikia katika kurasa za Haki na Amani, ingawa ungeweza kuachiwa vipeperushi vya afya, kwa sababu tunaamini kwamba wingi wa vifo vyake hautokani tena na upungufu wa elimu ya madaktari. Elimu ipo tangu miaka mingi, na dawa zake nyingine ni za bei ndogo. Kilichobaki ni swali la nani anahesabiwa kuwa anastahili kupimwa.

Tazameni hesabu moja. Mwaka 2023 jarida la kitabibu liitwalo The Lancet Haematology lilitoa makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2021. Katika mwaka ule walizaliwa watoto wapatao 515,000 wenye selimundu, walio wengi kabisa wakiwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Vifo vilivyohesabiwa moja kwa moja kwa jina la ugonjwa huo vilikuwa 34,400. Lakini watafiti walipohesabu wagonjwa wote wa selimundu waliokufa, hata wale ambao vifo vyao viliwekwa chini ya maradhi mengine, walipata vifo 376,000. Maana yake ni kwamba kwa kila kaburi moja lililopewa jina lake la haki, yako mengine kama kumi ambayo yamepewa jina la ugonjwa mwingine. Na ugonjwa usio na jina katika daftari la wilaya haupati fungu katika bajeti ya wilaya.

Ni ugonjwa gani huu? Jina lenyewe lajieleza kwa mkulima wa migomba. Mundu twaujua, chombo kile kilichopinda cha kukatia majani makavu. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, nazo hupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele bila kukwama. Ndani yake mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuigawa mwilini. Kwa mwenye selimundu, himoglobini hiyo ina kasoro ndogo mno. Mwaka 1957 mtaalamu Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge huko Uingereza, alionyesha kwamba katika mnyororo wenye viungo 146 ni kiungo kimoja tu kilichobadilika. Kimoja hicho chatosha. Himoglobini ikishaachia oksijeni hujishikamanisha kama nyuzi, chembe hukakamaa na kupinda mfano wa mundu, kisha huziba njia ya damu. Hapo ndipo huja maumivu makali ya mifupa ambayo mtoto hawezi kuyaeleza ila kwa kulia usiku kucha. Chembe za kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi zilizopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na damu haiishi kupungua. Bandama, ambayo ni mlinzi wa mwili dhidi ya vijidudu, huharibika mapema. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado watoto wa shule.

Kuna jambo moja katika ugonjwa huu ambalo limeleta fitina nyingi, nasi tungependa kila katekista alielewe barabara. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa mzima kwa macho. Anapokuwa tumboni, na kwa miezi ya kwanza ya maisha yake, hutumia himoglobini ya utoto ambayo haina kasoro ile. Hiyo hupungua kidogo kidogo, na ifikapo kama miezi sita himoglobini yenye kasoro hushika nafasi yake. Ndipo vidole vya mikono na miguu vinapovimba, macho yanapokuwa ya manjano, na midomo inapopauka. Kwa familia, huyu ni mtoto aliyekuwa akinenepa na kucheka, akageuka ghafla. Kwa mwenye kutafuta mlozi, mgeuko huo huwa ndio ushahidi wake: "Alikuwa mzima mpaka fulani alipokuja kumtazama." Fulani huyo mara nyingi ni bibi kizee mjane, asiye na mtu wa kumtetea. Twaomba wenye kusuluhisha mashauri ya namna hii katika jumuiya ndogondogo waulize kwanza kama mtoto aliwahi kupimwa damu, na kama wapo ndugu zake waliougua hivyohivyo.

Sasa tuje kwa mama, maana baada ya mlozi ndiye anayeshtakiwa. Kila mtu hupokea vinasaba viwili vya himoglobini, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Aliyepokea kimoja cha selimundu na kimoja cha kawaida hana ugonjwa. Analima, anacheza mpira, anazeeka, na huenda asijue kamwe kwamba anabeba kinasaba hicho. Aliyepokea viwili ndiye mgonjwa. Kwa hiyo aina hii iliyoenea kwetu haiwezi kumpata mtoto isipokuwa wazazi wote wawili wamempa. Jambo hili lilithibitishwa na James Neel wa Marekani mwaka 1949, na tangu hapo imepita miaka zaidi ya 70. Hata leo bado wapo wanaume wanaomrudisha mke kwao kwa kusema kwamba damu ya ukoo wake ni mbaya, na wapo wazee wa ukoo wanaowaunga mkono.

Mume wa namna hiyo huoa mke wa pili, akapata watoto wenye afya, kisha akatembea kifua mbele kijijini kwamba ukweli umedhihirika. Haujadhihirika hata kidogo. Walio wengi katika nchi yetu hawabebi kinasaba hiki, hivyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mke wa pili habebi. Na mwanamume mwenye kinasaba kimoja akizaa na mwanamke asiye nacho, hawapati mtoto mgonjwa, ingawa nusu ya watoto wao kwa wastani watakibeba kimyakimya. Yule mke aliyefukuzwa naye angeolewa na mwingine, yaelekea angezaa watoto wazima vilevile. Waliokutana ni wawili waliobeba, bila kujua, tena bila kosa la yeyote kati yao. Wanapokutana wawili hao, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Tunasisitiza kila mimba, kwa kuwa tumesikia wazazi wakihesabu kana kwamba ni zamu: huyu mmoja ameugua, basi watatu wajao watakuwa salama. Vinasaba havina zamu.

Wala kinasaba hiki si laana iliyoupata ukoo fulani kwa makosa ya mababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya na kuchunguza damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki, alichapisha uthibitisho kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zimekubaliana naye: kinga hiyo ni kali hasa dhidi ya malaria ile inayoua. Katika nchi za mbu, kama zilivyo pande nyingi za ziwa letu, mababu waliobeba kinasaba kimoja walipona utotoni wakati wenzao walikufa, nao wakatuzaa sisi. Cha ajabu ni kwamba mtoto mwenye vinasaba viwili hana ulinzi huo. Yeye malaria humwua upesi kuliko wengine, kwa sababu damu yake ilikuwa imekwisha kupungua kabla mbu hajamwuma.

Je, sisi wa kaskazini-magharibi ya Tanzania tunabeba kwa kiasi gani? Jibu lipo. Hospitali ya Rufaa ya Bugando huko Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo iko chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki kwa ubia na Serikali, huletewa matone ya damu ya watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI. Mkunga wa zahanati humchoma mtoto kisiginoni, hudondosha damu kwenye karatasi maalumu, huikausha, huiweka katika bahasha, na bahasha husafirishwa mpaka maabara. Watafiti walichukua matone yaliyobaki baada ya kipimo cha virusi, kutoka mikoa tisa ya kanda hii, wakayapima tena kwa ajili ya selimundu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kati ya watoto 17,200, waliobeba kinasaba kimoja walikuwa asilimia 20.3, na wenye ugonjwa wenyewe asilimia 1.2.

Msomaji asipite haraka juu ya tarakimu hizo. Asilimia 20 ni mtu mmoja katika kila watano. Katika benchi moja la kanisa lenye kukalisha watu kumi, wawili. Ikiwa mmoja katika watano anabeba, basi katika kila ndoa 25 iko moja ambayo bwana na bibi wote wawili wanabeba, na parokia inayofungisha ndoa 50 kwa mwaka inaweza kutarajia mbili za namna hiyo. Kwa nchi nzima hukadiriwa kwamba huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Tanzania imo katika nchi chache za mbele kabisa duniani kwa idadi hiyo. Huu si ugonjwa wa nadra wa kusimuliwa kama kioja.

Lakini jambo lililotugusa zaidi katika utafiti huo ni ile bahasha. Ilibebwa na pikipiki na basi, kwa barabara zilezile ambazo sisi twazilalamikia kila masika, hadi Mwanza. Njia ya kumpima mtoto mchanga wa zahanati ya mbali imekwisha kujengwa, kwa fedha nyingi na kwa jitihada ya kusifiwa, kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Tone lilelile lingeweza kutoa majibu ya magonjwa mawili. Tena siku hizi kuna vipimo vya haraka vya selimundu ambavyo havihitaji hata safari hiyo: tone la damu, kijikaratasi, na majibu kwa muda mfupi palepale kituoni. Basi anapotuambia mtu kwamba kuwapima watoto wa vijijini ni ndoto ya nchi tajiri, twamwomba aende akaulize bahasha ile ilipitia wapi.

Na majibu yakishajulikana, yafaa nini? Yafaa sana, na hapa ndipo tunapoona uzito wa madai yetu. Mwaka 1986 jaribio lililofanyika Marekani lilionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku, ile ya vidonge ya kawaida kabisa, iliwapunguzia watoto wadogo wenye selimundu maambukizi makali ya damu kwa zaidi ya asilimia 80. Tangu wakati huo kanuni ni kumwanzisha mtoto kabla hajatimiza miezi mitatu na kuendelea naye mpaka miaka mitano. Chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya watoto wa Tanzania tangu mwishoni mwa mwaka 2012. Ongezeni hapo foliki asidi, chandarua na kinga ya malaria, na mama aliyefundishwa kupapasa bandama ya mwanawe na kukimbilia hospitali homa ipandapo. Yote hayo hutegemea jambo moja: kujua mapema. Penisilini haimfai mtoto ambaye hatugundui ugonjwa wake mpaka siku anapofikishwa kituoni akiwa hana damu. Huko Muhimbili, ambako wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa kwa utaratibu tangu mwaka 2004 chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani, taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba vifo vilikuwa vingi kupita kote kwa walio chini ya miaka mitano: zaidi ya 7 katika kila watoto 100 kwa mwaka. Na hao ndio waliobahatika kufika kliniki.

Ipo pia haidroksiyurea, dawa ya vidonge inayoamsha tena ile himoglobini ya utoto tuliyoitaja. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba watoto wa Afrika wangedhurika nayo, kwa kuwa hupunguza chembe za kinga na huku kwetu malaria ni nyingi. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, likatangazwa Desemba 2018, liliondoa hofu hiyo. Watoto 606 walipewa dawa. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka hadi kama theluthi moja, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Bugando nako dawa hiyo imejaribiwa kwa watoto waliokuwa katika hatari ya kupata kiharusi, na mwendo wa damu katika mishipa ya vichwa vyao ukawa mzuri zaidi. Tuseme wazi kwamba si dawa ya kununuliwa dukani na kupewa mtoto kwa kukisia. Yataka kupimwa damu mara kwa mara na kuandikiwa na mganga. Lakini si dawa ngeni. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tunachouliza ni kwa nini mtoto wa Ngara au wa Biharamulo aifuate Mwanza.

Wengi mmesikia habari nyingine kutoka redioni, kwamba selimundu sasa ina tiba ya kuiponya kabisa. Ni kweli. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, na Marekani ikafuata Desemba ya mwaka huohuo. Chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, hukatwa mahali maalumu ili himoglobini ya utoto irudi kazini, kisha hurudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kuangamizwa kwa dawa kali. Ni kazi ya akili kubwa, nasi twawashukuru walioifanya. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni tano. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu uboho kutoka kwa ndugu zao, hatua ya kujivunia, ila yafaa kwa wachache wenye ndugu anayelingana nao. Twaonya juu ya habari hizi kwa sababu moja tu. Neno "tiba imepatikana" likishafika kijijini hubadilika likawa mali ya waganga wa barabarani. Mwaka 2011 tuliona misururu ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, na wagonjwa walioacha dawa zao nyumbani. Mzazi anayeambiwa kwamba kuna chupa ya kuponya selimundu kwa bei ya mbuzi aulize kwanza kwa nini Marekani wanalipa mabilioni.

Tufike sasa kwenye swali ambalo limekuwa likizungumzwa katika mikutano ya walei: je, wachumba walazimishwe kupimwa kabla ya matangazo ya ndoa, na wanaobeba wote wawili wakataliwe? Wanaopendekeza hivyo wana nia njema. Wameona mateso ya watoto. Hata hivyo sisi hatukubaliani nao katika sehemu ya pili, na katika ya kwanza tunakubaliana nao nusu.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni 1058, yasema kwamba wote wasiokatazwa na sheria waweza kufunga ndoa, na kubeba kinasaba si kizuizi cha ndoa mahali popote katika sheria hiyo. Paroko hana mamlaka ya kukiongeza. Lakini tuache sheria, tutazame uzoefu wa wengine. Huko Saiprasi, ambako kuna ugonjwa wa damu wa kurithi unaofanana na huu, Kanisa la Kiorthodoksi lilianza mwaka 1983 kudai cheti cha kupimwa kabla ya ndoa. Halikudai majibu yawe mazuri. Lilidai tu wachumba wajue. Karibu wote waliokutwa wanabeba walioana vilevile, na kama watoto wagonjwa wamekuwa wachache kule, sababu kubwa ni kwamba mimba zilipimwa na nyingine kuondolewa, njia ambayo sisi hatuwezi kuishauri. Saudi Arabia nayo imeweka kipimo cha lazima tangu mwaka 2004 bila kuwakataza wenye kubeba. Mwanzoni ni kama jozi moja katika kumi walioahirisha au kuacha ndoa; kufikia mwaka 2009 ilikuwa nusu. Kilichobadilika katika miaka hiyo ni kwamba majibu yalikuja mapema zaidi na watu walikuwa wamefundishwa. Cheti kinachodaiwa wiki mbili kabla ya harusi, mahari imekwisha pokelewa na ng'ombe wamekwisha chinjwa, hakimsaidii mtu kuamua. Humwaibisha tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kitolewe kwa hiari na mapema, wakati wa mafundisho ya vijana na ya kipaimara kwa walio wakubwa, muda mrefu kabla mtu hajamchagua mwenzake. Majibu yawe mali ya aliyepimwa. Yasisomwe mbele ya kamati, yasiandikwe kwenye fomu ya ndoa, na padre asiyaulize. Msichana atakayejulikana kijijini kuwa "ana sikoseli", ilhali hana ugonjwa wowote, atakosa mchumba. Mvulana mwenye hali ileile ataoa bila kuulizwa. Twawajua watu wetu. Tena kumbukeni kwamba watoto wengi wa tarafa yetu huzaliwa kabla wazazi hawajafika altareni, na wengine wazazi wao hawatafika kamwe. Ulinzi unaowekwa kwenye mlango wa kanisa hauwafikii hao. Unaowekwa kwenye chumba cha kujifungulia huwafikia wote, wa ndoa na wasio wa ndoa, Wakatoliki na Waislamu na Waanglikana, na wale waliovuka mpaka kutoka Burundi bila karatasi yoyote.

Wapo watakaosema kwamba wilaya ya pembezoni haina uwezo. Tuwakumbushe mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Katika nyika ya Benaco, ambako hapakuwa na kitu, watoto walipimwa uzito, walichanjwa, waliandikwa na kupewa kadi. Ilikuwa kazi ya mashirika makubwa yenye fedha, hatukatai. Lakini ilifanyika katika ardhi hii, kwa barabara mbaya kuliko za leo, kwa watoto wa wageni waliokimbia mauaji, na wenyeji wa hapa walishiriki kuifanya. Ardhi hii yajua kuhesabu watoto pale inapoamuliwa kwamba wahesabiwe.

Siku ya Selimundu Duniani ni tarehe 19 Juni, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la mwaka 2008. Ilitokea kwamba tarehe hiyohiyo, mwaka 2025, ndipo lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, ambalo limewaondolea wasafiri wa kwenda Mwanza kusubiri kivuko. Mama wa Murusagamba anayempeleka mtoto Bugando amepunguziwa saa kadhaa, nasi tunafurahi pamoja naye. Lakini safari yake bado ni ya kupita Lusahunga na Geita, akiwa na mtoto anayelia kwa maumivu kila gari linaporuka shimo.

Kwa hiyo tunaomba halmashauri za walei za parokia zilete jambo hili mbele ya madiwani wetu wakati wa kupanga bajeti, si kwa malalamiko ya jumla, bali kwa maombi yanayoweza kujibiwa ndiyo au hapana: vipimo vya haraka kwa kila kituo kinachozalisha; penisilini ya watoto na haidroksiyurea katika hospitali za Ngara na Biharamulo; na siku moja ya kliniki ya selimundu kila mwezi. Hospitali za madhehebu zilizomo katika wilaya hizi zaweza kuanza bila kusubiri. Wakati huohuo kila kigango kichukue daftari lake la mazishi, kihesabu watoto wa chini ya miaka mitano waliozikwa katika miaka mitano iliyopita, na kutazama ni familia zipi zimezika zaidi ya mmoja. Wazazi wa familia hizo watembelewe kwa upole, wakiwa wote wawili, wala si mama peke yake, na watoto wao walio hai ndio wawe wa kwanza kupimwa.

WAWATA, ambao ndio watakaoifanya sehemu kubwa ya kazi hii hata tukiandika namna gani, tunawaomba jambo moja la ziada. Mama anapolazwa na mtoto wiki mbili, wale wengine aliowaacha nyumbani hupikiwa na nani? Tumekuta akina mama walioacha kwenda kliniki kwa sababu hiyo tu, nauli wakiwa nayo mkononi. Jumuiya ipange zamu ya kuwapikia kabla mama hajaondoka, na baba afundishwe kutoa vidonge.